Neno la Nne

Kijiji kipya, upande wa Mugutha
Ruiru
10 Oktoba 1954

Kwa mdogo wangu Jeconia,

Pokea salamu zangu, na za maitu, mama yetu, na za watoto. Sisi ni wazima, kwa kadiri watu wanaochimba handaki la kukizungushia kijiji kutwa nzima wanavyoweza kuwa wazima. Maitu amesamehewa kuchimba kwa sababu ya miguu yake, lakini hajasamehewa kuhesabiwa, kwa hiyo kila saa kumi na moja jioni tunambeba na kigoda chake tukamweke kwenye mstari. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuhesabiwa, hata na baba. Njambi ameng'oka meno mawili ya mbele na akisema anapiga mluzi. Tumesikia mkeo Nyawira ana mimba kubwa. Mungu amsaidie ajifungue salama.

Utashangaa dada yako anakuandikia Kiswahili kama mwanamke wa pwani. Ni hivi: pasi ya kuja Thika sipati, na barua za posta nasikia zinalala huko kwa wasomaji. Basi kuna Bwana Ajwang, karani wa stesheni hapa Ruiru, Mjaluo mmoja mpole mwenye miwani. Amekubali kumpa gadi wa treni barua zangu akufikishie mkononi, lakini kwa sharti moja: iwe lugha anayoisoma. Hatabeba Kikuyu asichokijua, siku hizi. Sikumlaumu. Kwa hiyo yeye ndiye msomaji wetu wa kwanza, nawe ujibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Gerishon ana miezi saba tangu apandishwe lori hapo Thika, na mimi mkewe sijaambiwa kosa lake. Niliandika kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, mara tatu. Juzi nimejibiwa, karatasi moja ya Kiingereza. Bwana Ajwang amenisomea. Sababu yote ya kumfunga mume wangu ni mstari mmoja, nimeunakili herufi kwa herufi: "He admitted that he relayed information to his neighbours." Yaani alikiri kwamba ali-"relay" habari kwa majirani zake.

Wewe ulikuwa chumbani siku ile. Ulikaa kati yake na yule ofisa, yeye akisema Kikuyu nawe ukisema Kiingereza. Naomba uniambie hilo "relayed" ni nini, na Gerishon alilisema kwa Kikuyu gani.

Mimi dada yako,
Ngendo


Thika
2 Novemba 1954

Dada yangu mpendwa Ngendo,

Nina furaha kukujulisha kwamba Nyawira amejifungua mtoto wa kike tarehe 24, na kama ilivyo desturi tumemwita Waithira, jina la maitu. Ana nywele nyingi. Tafadhali mpashe maitu habari hii kwa sauti, najua masikio yake. Nakuarifu pia kwamba nimehamishiwa nyumba ya mawe karibu na ofisi, vyumba viwili, bomba liko nje ya mlango. Kazi ni nyingi mno. Siku nyingine tunahoji watu ishirini, na jioni koo limekauka kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

Kuhusu swali lako, ondoa shaka. Neno hilo si neno baya hata kidogo. Ni Kiingereza kizuri, na maana yake ni kusema tu. Waingereza si kama sisi, wenye neno moja tunalolitumia mpaka linachakaa. Nina kitabu kidogo nilichonunua kwa Kanji, mwenye duka la vitabu na madaftari hapa, kilichopanga maneno kwa maana zake. Ukifungua mahali pa "tell" unakuta jamaa nzima: inform, notify, report, convey, relay, impart, na mengine ambayo hata karani wa Kihindi wa ofisi yetu hayajui. Mtu anayeandika taarifa ya serikali hawezi kuweka "told, told, told" kama mtoto wa darasa la pili. Ofisa mwenyewe alinisifu mbele ya wenzangu. Alisema, "Jeconia, you have a vocabulary," yaani nina hazina ya maneno.

Kwa hiyo usimsikilize sana karani wa treni. Mambo ya Gerishon yako mikononi mwa wakubwa, na subira huvuta heri. Nakutumia sukari ratili mbili na kitambaa cha gauni la Njambi.

Ndugu yako mtiifu,
Jeconia


Ruiru
21 Novemba 1954

Kwa Jeconia,

Tumempokea Waithira kwa vigelegele. Maitu alilia, halafu akauliza kama mtoto amerithi pua yake au ya kwa akina Nyawira. Sukari imefika. Kitambaa nimekiweka.

Bwana Ajwang nilimsikiliza sana, na nitakueleza kwa nini. Yeye hukaa siku nzima na ile mashine ya simu inayogonga tak-tak-tak. Alinikalisha kwenye benchi la abiria akaniambia: "Mama, 'relay' ndiyo kazi yangu mimi. Nairobi wakituma habari ya kwenda Thika, inafika hapa kwanza. Mimi naipokea, naisukuma mbele. Ruiru haina habari yake yenyewe hapo. Habari ni ya Nairobi." Akavua miwani akaifuta. "Sasa wakiandika mumeo ali-relay, maana yake kuna mtu alimpa habari, naye akaipeleka. Watauliza mtu huyo ni nani."

Jeconia, habari ile haikutoka kwa mtu. Ilitoka mtoni. Asubuhi ile Gerishon alikuwa akienda kazini jikoni kwa memsahib, yule mama Mzungu mwenye shamba, akawaona wanaume wawili asiowajua wameketi chini ya kinu cha kahawa, wamevaa makoti marefu kama watu wa msituni. Aligeuka akarudi mbio kuniambia mimi kwanza. Nilikuwa na unga mikononi. Kisha akamwambia nyapara. Kisha akamwambia memsahib mwenyewe, jikoni, akiwa bado anahema. Jioni akawaambia majirani wasipeleke watoto kuteka maji. Mara nne aliambia watu kitu alichokiona kwa macho yake, na najua alikisema hivyo hivyo mbele yenu, kwa sababu mume wangu hana maneno ya kubadilisha. Memsahib angemtetea, lakini alisafiri kwenda kwao Ulaya kabla Gerishon hajakamatwa. Nyapara anasema hakumbuki, na ukimtazama unaona anakumbuka vizuri sana.

Kikuyu alichosema ni neno moja, nimewaambia, nimewaambia. Wewe usiyependa kurudia, nina hakika ukamtolea manne. Matatu hayana neno. La nne ndilo lililompandisha lori.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi uliojikwaa ni wako, ila aliyeanguka ni Gerishon. Sikuombi pesa wala sukari. Nakuomba mistari miwili kwa ofisa wako: neno hili lilikuwa langu, halikuwa lake, yeye alisema aliwaambia aliyoyaona. Basi.

Ngendo


Thika
9 Januari 1955

Dada mpendwa,

Heri ya Mwaka Mpya kwenu nyote. Nisamehe kwa kukawia. Waithira alikuwa na kifua, tukakesha naye kwa mganga wa hospitali siku tatu, sasa amepona na ananyonya vizuri. Nyawira anawasalimu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sitakuficha, nilikwenda nikalitafuta faili. Ni kama ulivyosema. Nimeandika "told his wife", halafu "informed the headman", halafu "notified his employer", halafu "relayed". Ofisa amepiga mstari mwekundu chini ya hilo la mwisho na kuandika pembeni, "From whom?" Sasa nakumbuka aliuliza hivyo, nami nikamgeuzia Gerishon, "Ulizipata habari kwa nani?" Gerishon akanitazama, akasema, "Kwa macho yangu." Nikalitafsiri hilo vizuri kabisa, dada. Lakini ofisa alidhani anafanyiwa dhihaka.

Unakumbuka mwalimu wetu wa misheni wa darasa la tano? Ukirudia neno moja mara mbili katika insha alikuchapa mkononi, mara tatu alikuchapa miguuni. Nilikua nikijua kwamba kurudia ni ujinga. Siku ile sikuwa nikimfikiria Gerishon wala mto. Nilikuwa nikifikiria sentensi. Nilipofika mara ya nne niliogopa kurudia.

Lakini fikiri na upande wangu. Nimetafsiri watu mia moja na thelathini tangu mwaka jana. Nikisema nilikosea neno la shemeji yangu, watasema, kumbe alikuwa shemeji yako, mbona hukututaarifu? Maana sikuwataarifu. Halafu watafungua faili zote mia na thelathini. Watauliza hili ulilipata wapi, na hili, na hili. Leo nimekaa kwenye kiti. Kesho nitakuwa mbele ya meza, na mwingine ndiye atakayenitafsiri. Nina mtoto wa miezi miwili. Nyumba hii ni ya kazi.

Usiandike mambo haya tena, hata kwa mkono wa Ajwang. Nitatafuta njia ya taratibu.

Jeconia


Ruiru
30 Januari 1955

Jeconia,

Hatujambo. Mvua imegoma. Handaki limefika kiunoni na sasa tunatakiwa kupanda vijiti vilivyochongoka chini yake, tuzingirwe na miiba tuliyoipanda wenyewe.

Nimezipanga barua zako mezani na kuzisoma kwa pamoja. Umenijulisha. Umeniarifu. Umetaka maitu apashwe habari. Wakubwa hukuwataarifu. Kweli una maneno mengi, kitabu cha Kanji hakikwenda bure, hata Kiswahili umekipiga pasi. Ila kitu kimoja hujawahi kuniambia, nacho ni hiki tu: nilikosea, nitasema.

Nilimsomea maitu barua yako yote. Aliposikia habari ya mia na thelathini aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akauliza, "Na hao wengine, kuna hata mmoja aliyejua Kiingereza?" Akasema yule mtoto mwenye jina lake asiletwe Ruiru bado. Si kwa ubaya, alisema. Atamshika siku baba yake akiwa na mikono safi.

Gerishon aliruhusiwa kuandika. Mistari sita tu, na miwili imefutwa kwa wino mweusi. Anauliza kama paa linavuja. Anakusalimu.

Ninaandika mambo haya tena na nitayaandika kila mwezi. Unaogopa faili, mimi naogopa kuzoea. Njambi ameanza kusema "wakati baba alipokuwepo" kama wanavyosema watoto wenye baba aliyekufa.

Ngendo


Thika
17 Aprili 1955

Dada yangu,

Kristo amefufuka. Natumaini mlipata Pasaka njema. Huku mvua imeanza na mto Chania umejaa rangi ya chai. Waithira amekaa mwenyewe bila kuegemezwa.

Utafurahi. Nimeandika. Nilikesha wiki mbili nikipima neno moja moja, nikaandika barua rasmi kwa ofisa kuhusu jambo la Gerishon, nikaichapa mwenyewe kwa mashine, na imepokelewa na kugongwa mhuri. Nakutumia nakala yake uihifadhi, ili siku moja watoto wako wajue mjomba wao hakukaa kimya. Naomba na maitu aisikie, kisha aniambie kama sasa naweza kumleta mtoto.

Nimefanya kwa njia ya hekima. Nimeona si lazima kubomoa nyumba nzima ili kutoa panya mmoja. Jibu likitoka nitakujulisha mara moja.

Ndugu yako,
Jeconia


Ruiru
28 Agosti 1955

Jeconia,

Maitu alianguka mwezi wa sita na mkono wa kushoto hauinuki vizuri. Anakula. Watoto wamekuwa na surua, wamepona. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikingoja kujua barua yako imezaa nini, na sasa najua.

Siku nakala ilipofika nilikimbia nayo stesheni. Sina aibu kusema nilikimbia, na askari homugadi wa langoni alinipigia kelele. Bwana Ajwang aliisoma mara moja, akairudia, akaisoma tena kidole kikiwa chini ya kila neno. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Mama, namtafuta ndugu yako humu ndani. Simwoni."

Alinionyesha. Umeandika: "It is understood that the detainee now wishes to clarify his earlier statement." Imefahamika, wala hukusema ni nani aliyefahamu. Mfungwa sasa anataka kufafanua maneno yake ya awali. Mstari wa pili unasema huenda kulitokea kutoelewana, na huko kutoelewana kulitokea kwenyewe kama ukungu. Jina lako liko chini kabisa, pembeni ya mhuri, kama mtu aliyekuwa akipita njia akaombwa kushuhudia. Barua nzima, Jeconia, na ndani yake hakuna mtu aliyekosea isipokuwa Gerishon.

Nilimwuliza Bwana Ajwang kama Kiingereza hakina namna ya kusema "mimi nilikosea". Akasema kinayo, tena ni fupi, maneno matatu tu.

Sasa sikia ilivyozaa. Mwezi wa saba walimwita Gerishon huko kambini. Wakamwambia, unabadilisha maneno yako, kwa nini? Yeye hakujua kama amebadilisha chochote. Akawajibu kama kawaida yake kwamba aliwaambia watu aliyoyaona. Wakaandika kwamba ni mwongo na mkaidi. Alikuwa kwenye kundi la kijivu, lile linalokaribia kurudishwa nyumbani, na ilikuwa imebaki miezi michache. Sasa amewekwa na weusi, wale wasiotarajiwa kurudi, amepelekwa kambi nyingine huko kwenye joto, kuvunja mawe. Haya nimeyapata kwa mke wa mwenzake aliyerudi.

Nakuchukia leo. Nimeandika neno hilo nikalifuta, kisha nikaliandika tena, kwa sababu mmoja wetu lazima awe anaandika anachomaanisha. Ungekaa kimya tungemngoja tu. Uliposema, ulimsukuma.

Usimlete mtoto.

Ngendo


Thika
3 Desemba 1955

Dada,

Salamu. Sikujua ingekuwa hivyo. Nakuapia kwa jina la baba sikujua. Nilitaka kumsaidia bila kuumiza wengine, na nilidhani mtu mwenye busara akisoma ataelewa.

Nimepandishwa. Kuanzia Januari nitakuwa mkalimani wa mahakama. Nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Namtumia maitu shali la sufu kwa ajili ya mkono wake. Waithira anatembea. Nyawira anauliza kwa nini hatuji Ruiru, sasa kwa kuwa pasi naweza kupata, na mimi namwambia barabara ni mbaya.

Jeconia


Thika
18 Machi 1956

Dada Ngendo,

Sijapata jibu lako. Shali lilifika? Gadi wa treni anasema alilikabidhi.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Jeconia


Ruiru
11 Novemba 1956

Jeconia,

Hatujambo. Maitu yuko, mkono umebaki vile vile, shali analo na analivaa siku za baridi. Njambi anasoma darasa la tatu. Bwana Ajwang anahamishwa Kisumu mwisho wa mwezi, kwa hiyo hii ni barua ya mwisho kupita mkononi mwake. Nimemwomba asiisome. Amesema atanipa heshima hiyo kwa mara moja.

Gerishon amerudi. Ana wiki tatu nyumbani. Amekonda, sikio la kulia halisikii, na anakula akiwa amesimama mpaka nimshike bega aketi. Utataka kujua nani amemtoa. Ni memsahib. Amerudi kutoka Ulaya, akakuta mpishi mpya anaunguza mikate, akauliza Gerishon yuko wapi. Alipoambiwa, akaketi akaandika kwa kalamu, mistari mitatu: mtu huyu aliniambia mimi mwenyewe, asubuhi ile ile, jikoni kwangu, aliyoyaona kwa macho yake. Usidhani ilikuwa huruma. Alimtaka mpishi wake. Lakini aliandika "aliniambia", na mwezi mmoja baadaye lori likamshusha hapa sokoni.

Sikukusudia kukuandikia zaidi ya hayo. Ila Jumapili iliyopita, mchana, Gerishon alikuwa anamenya viazi nje, Njambi anamsomea kitabu chake cha Kiingereza. Mtoto akakosea neno, mimi nikamwambia baba yako hawezi kukusahihisha, hajui Kiingereza. Akasema polepole, "Kidogo najua. Cha redio." Miaka sita alisimama jikoni mle, redio ya memsahib iko sebuleni, na kila saa saba ya mchana mtu wa redio alisema habari hizi ni relay kutoka London. Memsahib alikuwa akipiga kelele, "Gerishon, quiet, the relay!" naye anaacha kukata vitunguu. Alilijua neno lile, Jeconia. Alilijua vizuri kuliko wewe, maana wewe ulilitoa kitabuni.

Nikamuuliza, siku ile Thika, ulimsikia? Akasema alimsikia. Alisikia ukimgeuza redio ya London, alimwona ofisa akichukua kalamu nyekundu, alikuelewa ulipomuuliza habari alizipata kwa nani. Nikasema, basi kwa nini hukusema hapo hapo? Akaendelea kumenya. Kisha akanijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Yule ni muthoni wangu, ndugu ya mke wangu. Ningemwaibishaje mbele ya Mzungu, aliyekuwa amemsifu dakika ile ile? Mtu hamsahihishi muthoni mbele ya watu. Nilijua amekosea tu, si kwa ubaya. Nilijua wakishatoka wageni atarudi chumbani alirekebishe. Nilidhani ni jambo la jioni ile."

Alikaa kwenye selo akisikiliza hatua zako koridoni. Kwenye lori alidhani utawafuata kwa baiskeli. Kambini, kila walipomwita jina, alisimama akiwa na furaha, maana alidhani ni wewe umeandika. Hata mwezi ule walipomwambia maneno yake yamebadilika, alidhani ni wewe mwishowe, umeanza. Miaka miwili na miezi saba, Jeconia. Hakukutaja kwa yeyote. Wakimuuliza mkalimani alikuwa nani, alisema hakumjua.

Hakulaumu hata sasa. Ninapokulaumu mimi ananiambia ninyamaze, kijana alikuwa na kazi ngumu. Ametenga mbuzi. Anataka uje na Nyawira na mtoto Jumapili ya kwanza ya Desemba, mle, mkae, kama wathoni wanavyotembeleana. Maitu amekubali kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Gerishon amenituma nikualike na amenikataza nisikwambie mengine haya. Nimemkosea, ni mara ya kwanza tangu arudi.

Basi njoo. Usimwombe msamaha, kwa sababu atakuzuia kabla hujamaliza, na wewe utarudi Thika umepumua. Usimwonyeshe kwamba unajua. Keti karibu naye, upande wa sikio linalosikia. Atakukatia nyama yeye mwenyewe, atakuuliza kuhusu kazi yako ya mahakama, na atafurahi kweli ukimweleza. Mweleze. Mtazame usoni mpaka mwisho.

Ngendo